Namba Niliyomwandikia Mama Mkwe

Kazi yangu ilikuwa kugeuza magonjwa kuwa namba. Nikisema hivyo mtu anaweza kudhani nilikuwa mkubwa fulani, lakini nilikuwa karani tu katika hospitali moja ya mgodi, Kolwezi, miaka ile nchi ilipoitwa Zaïre na sisi watu wa biro, wa ofisini, tulivaa abakosti, ile suti isiyo na tai, iliyofungwa hadi shingoni hata jua likiwaka namna gani. Mgonjwa alisema shida yake, daktari akaandika Kifaransa chake cha haraka kwenye fishi, ile kadi ngumu ambayo kila mgonjwa alikuwa nayo, kisha mimi nikaangalia orodha iliyokaa chini ya kioo cha meza yangu na kuandika namba katika kona ya juu. Malaria ilikuwa na namba yake, mkono uliovunjika namba yake, kifua cha wachimbaji namba yake. Fishi iliingia katika sanduku la namba hiyo, na tangu hapo mtu hakutafutwa tena kwa jina. Daktari akitaka wagonjwa wa aina fulani alitaja namba, nami nikamletea sanduku.

Magonjwa ya mkojo yalikuwa na namba zilizofuatana, na hapo makarani wengi walikoroga mambo. Sitini na nne ilikuwa mkojo unaounguza. Huyo alipewa vidonge dirishani akaenda zake. Sitini na sita ilikuwa mkojo usioshikika, unaotoka wenyewe bila mwenye mwili kuamua, na huyo ilibidi aulizwe zaidi kabla ya kuandikwa. Unatoka ukikohoa, ukicheka, ukiinua ndoo? Au haja inakubana ghafla na choo kiko mbali? Au unatiririka mchana kutwa tangu ulipozaa kwa shida? Kila jibu lilikuwa na herufi yake ya kuongeza kando ya namba, maana tiba zake hazifanani. Daktari wa kliniki ya akina mama alikuwa Mzungu ambaye Kiswahili chake kiliishia kwenye "jambo" na "pole", kwa hiyo maswali hayo yote yalipita mdomoni mwangu.

Na niliyauliza vizuri, siwezi kujinyima sifa hiyo. Niliwatazama wale mama kidogo tu, nikaweka macho kwenye karatasi, nikawatolea mfano wa pampu, "Mama, hata pompe ya mugodi inavuja, na haina aibu. Sema tu." Walicheka. Wengine walicheka kisha wakashika tumbo na kusema, "Ona sasa! Weye unanichekesha na yenyewe imetoka!" Basi jibu lilikuwa limepatikana bila taabu, nami nikaandika sitini na sita na herufi ya kucheka. Makarani wapya waliletwa kwangu wajifunze. Nilitembea na kichwa juu katika korido ile.

Mtu huyohuyo, bingwa wa kuwauliza mama za watu, alikuwa na mama mkwe.

Heshima ya ukwe sisi tunaiita buko, na mkwe mwenyewe muko, na kwetu si mchezo. Baba yangu, aliyeletwa kutoka Kasai kuja kuchimba shaba, aliniachia vitu vichache, na kimoja ni hicho. Mama mkwe humtazami usoni. Huli naye. Humpi kitu mkono kwa mkono. Unakiweka chini, unasogea, yeye anaokota. Mkikutana njiani mmoja anapinda kuingia majanini. Na mwili wake, pamoja na kila kinachouingia na kuutoka, kwako haupo duniani. Watu wa mke wangu, wa upande wa Kasaji, mji wa reli magharibi ya Kolwezi, walishika jambo lilelile kwa namna yao, kwa hiyo hatukuwahi kugombana. Kila upande ulimkimbia mwenzake kwa adabu kubwa.

Tatizo lilikuwa nyumba. Nyumba za kambi ya wafanyakazi hazikujengwa na mtu aliyewahi kusikia habari za buko: vyumba viwili vya kulala, sebule, mlango mmoja. Mama mkwe alipokuja kwa treni kutoka Kasaji, mke wangu akiwa amejifungua mtoto wetu wa tatu, nyumba ile ikawa ndogo kama kiatu cha kuazima. Nilikohoa kabla ya kuingia, nikakohoa kabla ya kutoka, jirani akauliza kama kifua changu kimeshaandikwa namba. Asubuhi moja mama alikuwa ameketi mlangoni akichambua mboga, nami nimeshachelewa kazini. Nilitoka kwa dirisha na abakosti yangu. Watoto waliniambia kwaheri kana kwamba ndiyo njia ya kila siku.

Alikuwa mwanamke mwembamba, mchapakazi, mwenye sauti ya chini. Sikumwangalia, lakini mtu husikia na kunusa hata akiinamisha kichwa. Nilinusa sabuni nyingi kuliko inavyohitaji nyumba yenye mtoto mchanga, na chini ya sabuni nikanusa kile ambacho sabuni ilikuwa inakifukuza. Hakukaa kamwe kwenye viti vya sebuleni. Alikuwa na mkeka wake na hakuna aliyeruhusiwa kuukunja. Jumapili mke wangu alimwita kanisani, naye kila Jumapili alikuwa na sababu ya kubaki. Watoto wakimchekesha alifunga mapaja na kusimama ghafla, cheko likimkatikia mdomoni. Akiinua ndoo ya maji alisita kwanza. Nilijua. Nilijua kama fundi anavyojua ukuta uliopinda, bila kupima. Sitini na sita, na herufi ya kukohoa na kucheka, labda kizazi kimeshuka baada ya kuzaa mara nyingi. Kile ambacho kwa mama za wengine kilinichukua maswali matano, kwake sikuhitaji hata moja.

Nikanyamaza. Nilijiambia kwamba kunyamaza huko ndiyo heshima.

Kisha kulikuwa na blanketi. Kamba ya kuanikia nguo ilikuwa nyuma ya nyumba, ndefu, yenye jua la kutosha. Lakini blanketi la mama halikwenda nyuma. Lilitundikwa mbele, kwenye uzio kando ya mlango, pale ninapopita kwenda kazini, limefuliwa, linadondosha maji. Leo, kesho, keshokutwa. Nilipita nikiwa nimegeuza shingo kama mtu aliyelala vibaya. Mwishowe nilikasirika. Nilijiona mimi ndiye ninayevunjiwa heshima, kwamba mzee wa watu hajui hata mahali pa kuficha jambo lake.

"Ambia mama, ile blanketi ikae nyuma," nilimwambia mke wangu. "Bageni banapita."

Aliniangalia, mtoto akiwa kifuani. "Weye njo unasema vile?"

"Ndiyo, mi njo nasema."

Kesho yake uzio ulikuwa mtupu, na mimi nikatoka kwa mlango kama mwanaume mwenye nyumba yake.

Hazikupita wiki nyingi mke wangu akasema mama hajisikii vizuri, atampeleka hospitali. Kampuni iliruhusu wakwe watazamwe kwa namba ya mfanyakazi mradi wanakaa kwake. Nilisema sawa. Hata sikuuliza ni siku gani. Ningeuliza, ningekuwa nimeonyesha kwamba nafahamu anaumwa nini, na mimi sikutaka kufahamu. Siku ile niliinua kichwa kumwita mgonjwa anayefuata na nikaona kitambaa cha mama mkwe wangu mlangoni. Mke wangu alibaki kwenye benchi la korido kwa sababu mtoto alikuwa analia na daktari hakupenda kelele.

Alisimama. Mimi nilisimama pia, nikakaa, nikasimama tena. Daktari alidhani tunasalimiana. Aliagiza mama akae, naye akakaa ukingoni mwa kiti, ameelekeza uso dirishani, mimi uso kwenye kioo cha meza. Katika chumba cha pili, nyuma ya pazia, alikuwapo muuguzi mwanamke aliyejua Kifaransa na Kiswahili kama mimi. Neno moja lingetosha: dada, njoo unishikie meza, huyu ni mkwe wangu. Angecheka, angenifukuza nje, na kila kitu kingeandikwa kilivyo. Sikumwita. Nilihisi kwamba nikitoka nje nitakuwa nimetangaza kwamba kuna jambo la kunitoa nje.

Daktari aliuliza kwa Kifaransa swali lake la kawaida. "Muulize kama mkojo unamtoka bila yeye kutaka."

Nilikuwa nimelitafsiri swali lile kwa wanawake nisiowajua tena na tena, kwa mzaha wa pompe na yote.  Nilisema, nikiiambia karatasi, "Mama, mukojo inaunguza?"

 Nadhani alikuwa anasubiri niendelee.

"Inaunguza," akasema mwishowe, sauti ndogo kabisa.

"Anasema unaunguza," nilimwambia daktari kwa Kifaransa kizuri.

Daktari akamwonyesha kitanda cha kupimia nyuma ya kitambaa. Mama alitikisa kichwa. Mwanamke gani wa kwetu angepanda kitanda kile na kufungua nguo, mkwe wake akiwa hatua chache tu na kalamu mkononi? Daktari aliinua mabega, akaandika kwamba mgonjwa amekataa kupimwa, akanisogezea fishi. Niliandika sitini na nne.  Niliandika kwa mwandiko wangu mzuri ambao makarani wapya walikuwa wanauiga.

Mama alikwenda dirishani akapewa vidonge vya ugonjwa ambao hakuwa nao, akavimeza vyote kwa uaminifu. Nilikuwa nasikia glasi ya maji asubuhi. Kila nikisikia ile glasi nilijisikia vibaya, nami kila mara nilijipa jibu moja. Mkuu wa biro yetu, Mkatoliki mmoja mkali wa kaskazini mwa Katanga, alikuwa na sheria aliyoirudia hadi tukaiota: "Tunaandika kile mugonjwa anasema na kile munganga anaona. Kile karani anajua ku nyumba yake haina dossier, haina fishi." Basi mgonjwa amesema unaunguza, daktari hakuona kitu, na mimi nimeandika. Kwa sheria ya biro nilikuwa safi. Nilijifunika na sheria ile, lakini miguu ilibaki nje.

Kiangazi kikaja, na pamoja nacho daktari wa upasuaji kutoka Lubumbashi. Kila kiangazi alikuja Kolwezi na vyombo vyake, akawashona wanawake wa sitini na sita waliofaa kushonwa, akarudi. Wake wa wachimbaji walimsubiri mwaka mzima. Hakuona majina wala hakusikiliza hadithi za korido. Alisema, "Sanduku la sitini na sita," na mimi ndiye niliyelibeba.

Siku niliyotakiwa kulipeleka nilifika kabla ya wenzangu. Nilivuta sanduku la sitini na nne. Fishi yake niliipata upesi, kwa kuwa mwandiko wangu naujua. Niliishika. Ilikuwa rahisi: kuihamisha tu, kutoka sanduku hili kwenda lile pembeni yake. Lakini daktari wa upasuaji angemwita, angeuliza, na mama angesema nini? Angejua ni nani aliyemhamisha. Angejua kwamba mkwe wake amekaa na mkojo wake kichwani muda wote, mezani, sebuleni, akipita na kukohoa. Nilifikiria aibu yake, au niseme ukweli wa mambo, nilifikiria aibu yangu na kuiita yake. Mkuu wa biro aliingia akaniuliza natafuta nini katika sitini na nne. Nilisema imekosewa mahali, nikairudisha.

Wanawake wale wakashonwa. Baada ya siku chache nilimwona mmoja wao sokoni Manika, mwanamke mnene niliyemwuliza mwenyewe maswali, akibishana bei ya samaki wakavu na kucheka mpaka machozi, miguu ameitanua, hana hofu ya chochote. Aliniona akapiga kelele kutoka mbali, "Karani! Pompe imepona!" Watu waligeuka. Nilitabasamu. Nilinunua nilichotumwa na kupita njia ndefu kurudi nyumbani, maana nilijua nitakuta mkeka umekunjuliwa mahali pake na mtu ameukalia.

Mama alirudi Kasaji mwisho wa kiangazi kile. Tuliagana kwa desturi: niliweka kitenge kipya juu ya kiti, nikatoka, yeye akaingia akakichukua. Jioni, mke wangu akiwa anasonga bukari, ugali wetu, alianza kulia bila sauti.

"Mama ameenda na ugonjwa yake," alisema.

"Ugonjwa gani?" Hata pale nilijitia hamnazo.

Aliacha mwiko ndani ya sufuria. "Usinifanye mutoto. Ile blanketi, unazani mama hakuona kamba ya nguo kule nyuma? Alikuwa anakuonyesha weye. Alisema: muko wangu anatumika kazi ku lopitalo. Hawezi kuniuliza, mi siwezi kumwambia. Lakini macho iko nayo. Ataona, atatuma mwanamuke mwingine wa ku lopitalo aniulize. Njo ile ilimuleta huku, haikukuwa mutoto tu. Na weye ukasema blanketi iende nyuma."

Nilisikia masikio yanawaka. "Juu ya nini haukuniambia?"

"Alinikataza. Alisema ukiambiwa na mudomo, buko imevunjika, hatakula tena mu nyumba yako. Halafu ku lopitalo akakukuta pale ku meza. Akajiambia, basi, sasa ataita mwingine. Weye ukamuuliza ya kuunguza. Akaniambia ku njia: muko wangu amekataa."

Amekataa. Neno lile lilinipiga kuliko kofi. Mimi nilidhani namhurumia. Yeye alikuwa amesafiri siku nzima kwa treni, amekaa juu ya kitambaa kilichokunjwa mara nyingi, amenifungulia siri yake kwa njia pekee ambayo adabu yetu inaruhusu, na kwa macho yake mimi nilikuwa nimesoma kila kitu, nikafunga, nikasema hapana. Nilikuwa naona haya mbele ya mke wangu, mbele ya watoto, mbele ya sufuria. Sikula.

Kesho yake nilimwendea daktari wa kliniki nikamwambia kwamba fishi ya mama fulani nilitafsiri vibaya, kwamba mkojo haushikiki, hauunguzi. Aliniangalia juu ya miwani, akauliza nina uhakika? Nilisema ninao. Akakata sitini na nne, akatia sahihi pembeni, akaendelea na kahawa yake. Ilimalizika kabla sijavuta pumzi ya pili. Sheria ya mkuu wa biro haikuangusha dari, hakuna mtu aliyecheka, hakuna aliyeuliza mimi na yule mama ni nani kwa nani. Niliipeleka fishi katika sanduku lake nikiwa na hasira ya kutaka kujizaba makofi, kwa sababu jambo lilikuwa dogo hivyo siku zote.

Tukakubaliana na mke wangu kwamba kiangazi kijacho atamwita mama, na muuguzi wa chumba cha pili, mwanamke, ndiye atakayempokea. Tulituma ujumbe kwa mtu wa reli. Mama akajibu kwamba atakuja. Nilihesabu kwamba nimesamehewa, ingawa hakuna aliyesema hivyo.

Lakini mwaka uliofuata, kiangazi kikiwa ndiyo kwanza kinaingia, vita vikaja Kolwezi. Yaliyotupata wengine wameyaeleza vizuri kuliko nitakavyoweza. Kwa habari yangu hii inatosha kusema kwamba waliosalimika kati ya Wazungu waliondoka kwa ndege, na daktari wetu alikuwa mmoja wao, na wa Lubumbashi hakuja mwaka ule wala uliofuata. Masanduku niliyakuta salama. Sitini na sita ilikuwa imejaa wanawake, fishi zao zimepangwa vizuri, hakuna wa kuwaita.

Reli ilipotulia, niliuliza kwa watu wa Lubumbashi. Jibu likaja kwamba yule daktari bado anashona, mgonjwa aletwe huko. Mke wangu alisema, "Enda weye. Mi mwenyewe sitaenda. Weye njo ulinyamaza." Alikuwa na haki. Nilikata tiketi ya kwenda Kasaji na mbili za kurudi, moja yangu na moja ya mama.

Kasaji walinipokea kama mkwe anavyopokewa, kwa kuku na kwa kukimbiwa. Mke wa shemeji yangu aliniwekea kiti nje, mgongo wangu ukielekea ukuta wa nyasi wa jikoni, akanong'ona kwamba mama yuko ndani na anasikia, kisha akachukua jembe lake akaenda shambani ili tubaki. Kuongea kupitia ukuta kunaruhusiwa. Nilisikia mfuniko wa sufuria ukiwekwa. Nikanusa sabuni. Njia yote ndani ya treni nilikuwa nimejifundisha maneno: mama, nilijua, sikukuuliza, nisamehe, twende Lubumbashi, kuna mwanamke atakayekusikiliza. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilikuwa nimeamua kuvunja buko, na niliona moyo ukiwa mwepesi kwa sababu hiyo.

"Mama," nilisema, "nimekuya juu ya ile siku ya ku lopitalo."

 Ndani akakohoa, na baada ya kukohoa akatulia kidogo, utulivu ambao mtu wa kazi yangu anaujua maana yake.

"Ile siku mi njo niliongopa, tata," alisema kupitia nyasi, akiniita baba kwa heshima. "Munganga aliuliza muzuri, weye ukauliza muzuri. Mi nikajibu mubaya. Uliandika tu bile mi nilisema. Weye haukujua kitu."

Alijua kwamba najua. Mke wangu alikuwa ameniambia hivyo, na yeye mwenyewe ndiye aliyelitundika blanketi. Alijua sikuuliza vizuri. Alikuwa anachukua kosa langu lote analiweka juu yake, bila kuombwa, ili mkwe wake akae sawasawa kwenye kile kiti na buko ibaki nzima. Nilichotakiwa kusema kilikuwa kifupi. Hapana, mama, nilijua. Kilikuwa tayari mdomoni.

"Ndiyo, mama," nikasema.

"Basi," akajibu, na nilisikia amepumua. "Bitu biishe pale."

Hapo ndipo nilipoelewa nilichokifanya. Mtu asiyejua kitu hawezi kumwambia mgonjwa twende kwa daktari. Twende kwa ugonjwa gani? Nilikuwa nimeshakubali mbele yake kwamba sijui. Nilikaa nikitafuta njia nyingine ya kuanza upya, nikasikia anainuka polepole, anahama mkeka, na baadaye kuku alitolewa kwa mlango wa pembeni akawekwa chini mbele yangu, mtamu, amepikwa na mtu aliyeshukuru. Nilimmaliza. Kulala nililala kwa shemeji, asubuhi nikapanda treni, na kiti cha dirishani nilichokuwa nimemlipia kikakaliwa na mtu wa Sandoa mwenye magunia ya muhogo.

Stesheni ya Kolwezi mke wangu alikuwa amesimama na mtoto mgongoni. Hakunitazama mimi. Alitazama mlango wa behewa nyuma yangu, akasubiri mpaka watu wote wakashuka.

"Mama iko wapi?"

"Amekataa," nikasema.

Akaamini, akachukua begi langu, tukaenda nyumbani.